Kutunga Muziki wa Chemba Kutokana na Maeneo ya Mji wa Iringa

Muziki wa chemba ni muziki unaoandikwa kwa wapigaji wachache, kwa kawaida kuanzia wawili hadi wanane, ambamo kila mpigaji hubeba sauti yake peke yake na hakuna mwongozaji anayesimama mbele yao. Kundi lake linalojulikana zaidi ni lile la ala nne za nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja na chelo moja, lakini hakuna sheria inayomzuia mtunzi wa Iringa kuweka pamoja fidla, filimbi, gitaa na ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, mradi kila ala iwe na kazi yake. Mwongozo huu unamhusu mtu anayesoma au kufundisha katika mojawapo ya vyuo vya mji huu, ambaye ameimba kwaya kwa muda, anasoma noti za do-re-mi bila shida, na sasa anataka kutunga muziki usio na maneno kutokana na maeneo anayopita kila siku.

Iringa inafaa kwa kazi hii kuliko miji mingi. Ina Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho watu wengi bado wanakiita Tumaini. Ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa. Kwa hiyo vijana wenye muda wa mazoezi wapo, na karibu wote wamepitia kwaya za Kilutheri, za Kikatoliki au za Uamsho. Zaidi ya hayo, mji wenyewe umekaa juu ya mabega ya milima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mto Ruaha Mdogo unapita bondeni chini yake, kiasi kwamba mtu anayetoka Ipogolo kwenda mjini hupanda, na anayerudi hushuka. Mji wenye miinuko, mawe makubwa na mabonde una sauti za mbali na za karibu, na tofauti hiyo ya umbali ni mali kubwa kwa mtunzi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mahali humpa mtunzi umbo la muziki, si pambo lake. Mtu akitunga wimbo mzuri wa polepole kisha akauita "Gangilonga", na wimbo huo huo ungeweza kuitwa "Mafinga" au "Tukuyu" bila msikilizaji kuona tofauti, basi mahali hapo hapajafanya kazi yoyote. Lakini kama mpangilio wa sauti, urefu wa kimya, namna wapigaji wanavyopokezana na hata mahali wanapokaa ukumbini vimetokana na jinsi sauti zinavyosikika ukiwa juu ya jiwe lile, basi hata jina likifutwa muziki utabaki na tabia ya mahali pale. Kila hatua ninayoieleza hapa chini inalenga shabaha hiyo.

Anza kwa kuchagua maeneo machache. Matatu yanatosha kwa utunzi wa kwanza, na manne ni mwisho. Usichague kwa umaarufu peke yake, kwa sababu eneo maarufu linaweza kuwa halina lolote la kumpa mwanamuziki. Chagua yale ambayo sauti zake zinatofautiana kimsingi. Jiwe la Gangilonga, lililo juu ya mtaa unaobeba jina lake, lina upepo na sauti za mbali. Soko Kuu lina sauti nyingi za karibu zinazoingiliana. Barabara ya kutoka Ipogolo kupanda mjini ina mwendo wa kupanda kwa vituo. Makumbusho ya Iringa Boma, katika jengo ambalo Wajerumani walilianza mwaka 1914 kama hospitali na ambalo lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, ina ukimya wa kuta nene. Ukiweka maeneo haya manne pamoja huwezi kuandika sehemu mbili zinazofanana hata ukitaka.

Baada ya kuchagua, nenda kusikiliza, na uende bila ala yoyote. Chukua daftari na simu yenye uwezo wa kurekodi, keti mahali pamoja kwa nusu saa, na uandike kila sauti unayoisikia kwa mambo manne: inatoka umbali gani, inarudi baada ya muda gani, iko juu au chini ikilinganishwa na sauti nyingine, na nini huifuata. Usiandike hisia zako kwa wakati huo. Hisia zitakuja zenyewe baadaye, na mara nyingi zinaziba masikio zikitangulia. Rudi mahali hapo hapo kwa saa tofauti, kwa maana soko la saa kumi na mbili asubuhi, wakati magunia ya viazi na mboga kutoka vijijini yanashushwa, si soko la saa nane mchana. Na Gangilonga ya asubuhi yenye ubaridi wa Juni haitoi sauti sawa na ile ya jioni ya Oktoba, mijakaranda inapochanua.

Katika kurekodi kuna adabu zake. Mwite muuzaji, msalimie, mweleze unachokifanya kabla ya kumrekodi. Mama anayeuza maharage amekuwa akiuita mwito wake kwa miaka, na mwito huo ni wake. Adhana na sala za ibada, kwa maoni yangu, zisigeuzwe kuwa mstari wa ala, hata kama zinasikika waziwazi kutoka mahali ulipoketi, kwa kuwa waumini wana haki ya kutozikuta mahali pasipo pake. Unaweza kuandika saa ambayo sauti hiyo husikika na kuiacha saa hiyo ndani ya muziki wako kama kimya, na kimya hicho kitaeleweka na kila mtu wa mjini.

Kabla ya kuandika noti hata moja, jua ni nani watakaopiga. Hili ndilo linaloamua mambo mengi kuliko ndoto za mtunzi. Fidla zinapatikana kwa wachache waliofundishwa katika vyuo vya muziki au na wamisionari. Chelo ni adimu. Filimbi za kisasa na za mianzi zipo. Magitaa yako kila hosteli. Matarumbeta yamo katika makanisa yenye desturi ya bendi za upepo. Na waimbaji wanaoweza kuvumisha sauti bila maneno wako kila kona. Usiandike kwa ajili ya chelo kisha ukatafuta chelo. Tafuta wapigaji wanne au watano walio tayari kukutana kila juma, waulize ala zao, wasikilize wakipiga jambo wanalolipenda, ndipo uandike kwa ajili yao.

Halafu jifunze mipaka ya kila ala. Fidla hufungwa nyuzi zake kwa G, D, A na E, na uzi wake wa chini kabisa ni G iliyo chini kidogo ya do ya katikati ya kinanda. Haiwezi kwenda chini ya hapo hata mpigaji akiwa hodari namna gani. Viola hufungwa C, G, D na A, na chelo hufungwa vivyo hivyo oktavu moja chini yake. Filimbi ya kawaida ya okestra huanzia C ya katikati, lakini noti zake za chini ni dhaifu na hufunikwa upesi na tarumbeta, hivyo ukitaka isikike juu ya wengine ipandishe oktavu moja. Gitaa huandikwa oktavu moja juu ya linavyosikika, na mtunzi asiyelijua hilo huandika mstari anaodhani uko katikati kumbe uko chini na umechafuka. Tarumbeta nyingi hufungwa kwa B iliyopunguzwa, kwa hiyo mpigaji akisoma C sauti inayotoka ni B hiyo. Mwandikie mstari wake kwa hatua nzima moja juu. Waimbaji unawajua tayari.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na nitaanza na Gangilonga kwa sababu ndilo eneo linalofundisha zaidi. Wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipenda kuketi juu ya jiwe hilo na kutafakari, na kwamba huko ndiko alikopata habari za kuja kwa Wajerumani. Mtunzi mchanga husikia simulizi hiyo na mara moja hutaka ngoma za vita. Ningemshauri apande, aketi, asikilize kwanza. Atagundua kwamba juu pale mji wote unasikika lakini hakuna sauti iliyo karibu: honi, watoto wa shule, nyundo za mafundi, mbwa, vyote vimepungua ukali na vimepoteza noti zao za juu, kwa kuwa hewa hunyonya sauti kali kabla ya sauti nzito. Na kila sauti hufika ikiwa imechelewa. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kinachogongwa umbali wa kilomita moja husikika kama sekunde tatu baada ya kuonekana kikigongwa. Ukimwangalia fundi wa mbali anayepigilia bati, utaona mkono wake ukiinuka wakati mlio unapokufikia.

Hapo ndipo umbo linapopatikana. Weka mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ili pigo moja liwe sekunde moja. Mpe filimbi mstari mfupi wa noti tano, kwa mfano so, la, do ya juu, la, mi, kisha fidla iurudie mstari huo huo baada ya mapigo matatu, kwa sauti ndogo zaidi, bila noti za juu, yaani ikishusha do ile kuwa so. Baadaye gitaa liurudie tena baada ya mapigo mengine matatu, likiwa na noti tatu tu zilizobaki. Kila mwangwi unapungua kama sauti zinavyopungua zikipanda jiweni. Chini ya hayo yote weka sauti moja nzito isiyobadilika, chelo ikiwa ipo kwenye nyuzi zake mbili za C na G zisizobanwa, au waimbaji wawili wa besi wakivumisha kwa kupokezana pumzi ili sauti isikatike. Sauti hiyo ndiyo jiwe. Isiwe na mapambo, isiongeze wala kupunguza, na wengine wabadilike juu yake. Kwa muda wa dakika nne huhitaji zaidi ya hapo, ila utahitaji mara moja, labda karibu na dakika ya tatu, wapigaji wote wasimame kwa mapigo matatu na sauti nzito ibaki peke yake.

Kuhusu ngazi ya noti tano niliyoitumia, yaani do, re, mi, so, la, inafaa kwa sababu ni nyepesi kwa wapigaji wapya na kwa sababu noti zake hazigombani hata zikipishana, jambo ambalo ni muhimu pale sauti zinapochelewa na kuingiliana. Antonín Dvořák, mtunzi wa Kicheki, alifanya kazi kwa ngazi kama hiyo mwaka 1893, alipokaa kiangazi katika kijiji cha Spillville, jimbo la Iowa huko Marekani, na kuandika utunzi wa ala nne za nyuzi katika ufunguo wa F. Alimsikia ndege mmoja huko na akampa nafasi katika sehemu ya tatu, kwenye fidla ya kwanza iliyopandishwa juu sana. Ninalolipenda katika mfano huo ni kwamba hakujaribu kuchora kijiji kizima. Alichukua kitu kimoja kidogo alichokisikia kwa usahihi, akakiacha kiishi kwa taratibu za muziki, kikirudiwa, kikigeuzwa, kikijibiwa. Mtunzi wa Iringa ambaye atachukua mwito mmoja wa konda wa daladala wa Kihesa na kuufuata hadi mwisho atafika mbali kuliko yule anayetaka kuweka mji wote ndani ya dakika tano.

Soko Kuu linataka njia nyingine kabisa. Pale hakuna umbali. Kila sauti iko sikioni na kila muuzaji ana mwito wake unaojirudia kwa urefu wake mwenyewe bila kumsubiri jirani. Sikiliza miito mitatu na uhesabu mapigo ya kila mmoja. Tuseme umepata mmoja wa mapigo matatu, mmoja wa manne na mmoja wa matano. Mpe kila mpigaji mwito mmoja na umwagize aurudie bila kusimama. Wataanza pamoja kisha watatengana mara moja, na hawatakutana tena kwenye pigo la kwanza mpaka yapite mapigo 60, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa tatu, kwa nne na kwa tano. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni nusu dakika kamili. Nusu dakika hiyo ya kupishana ni soko lenyewe, na kukutana kwao mwishoni kutawashangaza wasikilizaji ingawa wewe hukuongeza chochote. Rudia mzunguko huo mara nne, kila mara ukibadilisha jambo moja tu: mara ya kwanza kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, mara ya pili kwa upinde, mara ya tatu ukiongeza mpigaji wa nne mwenye mwito wa mapigo saba ambao hautapata nafasi ya kukutana na wenzake wote kwa pamoja, na mara ya nne ukipunguza sauti mpaka abaki mmoja akiita.

Angalizo moja hapa: wapigaji wa kwaya wamezoea kusikilizana na kufuatana, na katika sehemu hii tabia hiyo njema huwaangusha, kwa maana mwenye mapigo matano hujikuta amevutwa na mwenye manne. Waache wafanye mazoezi kwa kupiga makofi kwanza, wakihesabu kwa sauti, kabla ya kushika ala.

Kwa barabara ya Ipogolo usiige mlio wa injini. Msikilizaji akitambua lori atacheka, na muziki utakuwa umekwisha. Chukua tabia ya kupanda: gari huongeza nguvu, sauti yake hupanda, dereva hubadili gia na sauti hushuka ghafla, kisha hupanda tena kutoka mahali palipo juu kidogo ya pale pa mwanzo. Kwa noti, panda hatua nne na ushuke mbili, panda nne na ushuke mbili, kwa kupokezana kati ya fidla na gitaa, mpaka ufike juu ya uwezo wa fidla. Sehemu hii iwe fupi, isizidi dakika mbili, na inafaa kuwa ya kwanza, kwani ndiyo njia ambayo mgeni anayeshukia stendi ya Igumbilo huingia nayo mjini.

Iringa Boma na historia ya Wahehe vinataka uangalifu mkubwa zaidi. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe. Na fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Kwa watu wa hapa hayo ni mambo ya ukoo, yenye watu wanaoyakumbuka kwa majina ya babu zao. Ukitaka kuyagusa, nenda kwanza kwa wazee, uwasalimie kwa Kihehe kama unaweza, ueleze kusudi lako na usikilize kwa muda mrefu kuliko utakavyozungumza. Nimeona kwamba muziki mzuri juu ya mambo haya ni ule unaokataa kuigiza mapigano. Kuta nene za Boma, ambamo hatua za mtu mmoja husikika zikimtangulia, zinatosha kutoa sehemu ya polepole yenye vimya virefu.

Sehemu hii ndiyo mahali pa ligombo, ala ya Wahehe ya ubao uliofukuliwa katikati, ambao juu yake uzi hupitishwa kwenda na kurudi ili kupata nyuzi kadhaa zilizofungwa kwa noti mbalimbali. Ukimpata mpigaji mzee aliye tayari, jambo la kwanza utakalolisikia ni kwamba noti zake hazilingani na za kinanda, na watu wengi hapo humwomba azibadilishe. Usifanye hivyo. Mfungo wake ni urithi uliokamilika, na ukiukunja ulingane na kinanda utakuwa umemwita mgeni wa heshima na kumvalisha nguo za mwingine. Wengine ndio wamfuate. Pima kila uzi wake kwa programu ya simu inayoonyesha mitetemo kwa sekunde, uandike namba hizo, kisha mpigaji wa fidla atafute noti hizo kwa vidole vyake, jambo analoliweza kwa kuwa shingo ya fidla haina vizuizi. Waimbaji nao wataweza baada ya mazoezi. Kinanda hakiwezi, na gitaa lenye vizuizi vya chuma haliwezi isipokuwa kwa nyuzi zisizobanwa zilizofungwa upya. Kwa hiyo viache nje ya sehemu hii. Mpigaji wa ligombo asilazimishwe kusoma karatasi. Mwachie apige anavyojua, na uwaandikie wengine maelekezo ya namna ya kuingia na kutoka kwa kumtazama mikono.

Ukishapata sehemu zote, ziweke katika mpangilio. Wengi hufuata ramani, wakianzia Ipogolo na kuishia Gangilonga, na kwa bahati katika mji huu ramani na sikio vinakubaliana kwa kiasi kikubwa: kupanda kwa haraka, kisha soko, kisha Boma, kisha jiwe. Hata hivyo sikio ndilo liamue. Sehemu mbili za polepole zikifuatana wasikilizaji huchoka, kwa hiyo kama Boma yako ni ndefu, ihamishie kabla ya soko. Jumla ya dakika 12 hadi 15 inatosha sana kwa wasikilizaji ambao hawajazoea muziki usio na maneno.

Andika nakala mbili za namna tofauti. Wapigaji wa fidla na filimbi kwa kawaida husoma mistari mitano. Waimbaji na wapigaji wengi wa gitaa kutoka kwaya husoma do-re-mi. Programu ya MuseScore hupatikana bure, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na inaweza kutoa karatasi ya kila mpigaji kutoka katika nakala kuu. Namba za vipimo ziwe kwenye kila mstari, la sivyo mazoezi yote yatakwisha mkiulizana mmefika wapi. Pale ambapo mpigaji ananyamaza kwa muda mrefu, mwandikie kwa noti ndogo kile ambacho mwenzake anakipiga kabla hajaingia. Hakikisha pia kwamba hakuna anayelazimika kufungua ukurasa akiwa mikono yake yote inapiga.

Katika mazoezi, kaeni nusu duara, mkitazamana. Kwa kuwa hakuna mwongozaji, kila mwanzo lazima uwe na mtu mmoja anayevuta pumzi kwa namna ya kuonekana, na wengine wote huanza kwa pumzi hiyo. Amueni mapema ni nani, na inaweza kuwa mtu tofauti kwa kila sehemu. Kwa Gangilonga, mwenye filimbi akae mbele, mwenye fidla arudi nyuma hatua kadhaa, na mwenye gitaa akae nyuma zaidi au kwenye mlango wa ukumbi, ili kuchelewa na kufifia kuwe kwa kweli. Fanyeni zoezi moja la kila sehemu kwa mwendo wa nusu, polepole kabisa, na jingine ambapo kila mtu anapiga kwa sauti ndogo kiasi cha kumsikia mwenzake kikamilifu. Kwa wapigaji wapya mazoezi hayo mawili yanaleta faida kuliko kurudia wimbo mzima mara nyingi.

Ubaridi wa Iringa una athari zake. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi na usiku, ala za upepo hushuka sauti kwa sababu hewa iliyo ndani yake ni baridi, na wakati huo huo nyuzi za chuma hujikaza na kupanda. Fidla na tarumbeta zikifungwa pamoja saa kumi jioni hazitakubaliana saa mbili usiku. Wapigaji wa upepo wapulize pumzi ya joto ndani ya ala kwa dakika kadhaa kabla ya kufunga sauti, na kila mtu afunge upya katikati ya onyesho bila kuona aibu. Ukame wa miezi hiyo pia hufanya vigingi vya mbao vya fidla kusinyaa na kuteleza. Visukumwe ndani kidogo wakati wa kuvizungusha.

Pamoja na ubaridi, miezi hiyo ndiyo bora kwa onyesho, kwa sababu mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na hakuna fidla inayoweza kushindana na mvua juu ya bati. Tafuta ukumbi wenye dari, na kabla ya kuukubali piga kofi moja katikati yake: mlio ukizunguka kwa zaidi ya sekunde mbili, sehemu ya soko itachafuka, nawe utalazimika kuipunguza mwendo au kutandika mapazia na vitambaa ukutani. Waalike wauzaji ambao miito yao umeitumia, uwaweke mbele. Katika karatasi ya ratiba andika jina la eneo na sentensi mbili tu juu ya ulichokisikia pale. Usimweleze msikilizaji ahisi nini.

Mwisho, sajili kazi yako kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayojulikana kama COSOTA, ukiambatanisha nakala kuu na rekodi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inagusa pia sanaa za jadi, ndiyo maana mpigaji wa ligombo anapaswa kutajwa kwa jina lake kwenye nakala, kwa ridhaa yake, na kulipwa sawa na wapigaji wengine. Nakala moja iache kwenye maktaba ya chuo chako pamoja na daftari la kusikilizia, likiwa na tarehe na saa za kila sauti, kwa sababu mtunzi atakayekuja baada yako atataka kujua Soko Kuu lilikuwa likisikika vipi wakati ulipoketi pale.